Daktari wa Mawe

Dodoma, Jumatano

Sijui kama nilimweleza sawasawa yule mama wa Kigogo. Alimleta mwanawe mwenye homa hapa stesheni, maana alisikia daktari Mdachi, mtu wa Ujerumani, ameshuka. Bwana huyo akaniamuru mimi, karani wake, nimwambie kuwa yeye ni daktari wa mawe.

"Mawe nayo huugua?" mama akauliza.

Nikamweleza kwamba elimu ina ngazi: fundi, karani, mwalimu, na juu kabisa watu kama huyu, waliosomea jambo moja miaka mingi hadi wakaitwa madaktari.

"Basi mwambie mwanangu anaungua."

Nilipomfasiria, bwana alifungua sanduku lake. Kisha akatoa kwinini yake, akakata kidonge nusu, akaniuliza mimi kama kinamtosha mtoto.

Nilifundishwa hesabu na mwandiko tu. Nikasema kinatosha.

Magharibi homa ilikuwa imeshuka kidogo. Bado naogopa.