Kile Alichosema Daktari Wako

Mwanangu Aksanti,

Kofia yako imefika, ile ngumu ya rangi ya damu ya mzee, ndani ya boksi pamoja na jezi na barua. Nimeiweka juu ya friji, maana sijui kofia ya namna ile inawekwa wapi katika nyumba ya watu. Kila nikifungua mlango wa friji inatikisika kidogo. Dada yako Furaha hataki niisogeze.

Lakini si kofia iliyonikalisha mezani leo. Ni barua, ya daktari wa timu yenu ya chuo. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, wasome na wengine, hasa wazazi wenzangu wa hapa Rinkeby wanaokwenda ofisini na hospitalini na watoto wao ili watoto wawe midomo yao. Nilikuwa mmoja wao, tena hodari.

Tulipofika Sweden kutoka Uvira ulikuwa na miaka sita. Mwaka mmoja tu, ukawa unaongea Kiswidi cha kumpigia simu mtu yeyote, na mimi bado nahesabu vituo vya treni kwa vidole nisije nikapitiliza nyumbani. Ulitusomea barua za shule, barua za mwenye nyumba, maelekezo kwenye chupa za dawa. Nakumbuka kikao cha wazazi ulipokuwa darasa la tatu. Mwalimu alisema dakika kumi nzima, uso ameukunja, anagonga meza kwa kalamu. Nikakuuliza anasema nini. Ukanitazama machoni bila kupepesa.

"Anasema niko mwanafunzi muzuri, Papa. Ila nikae kimya kidogo."

Nilijua unanidanganya mchana kweupe. Nilicheka kuanzia mlangoni mpaka kwenye ngazi, nikakununulia soseji pale kibandani kwa werevu wako. Mtoto alidanganya, mimi nikamzawadia. Ningekuwa na akili ningelia siku ile ile.

Halafu mama yako akaumwa. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakati huo nilikuwa nimeshapata leseni ya basi na Kiswidi changu kilinitosha, kwa hiyo daktari aliponipigia simu kabla ya miadi nilielewa kila kitu. Dawa zimeshindwa. Zimebaki wiki chache. Alitaka kumwambia mama yako mwenyewe, uso kwa uso, na mkalimani.

Unajua kwetu tulivyo. Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu. Mtu akifiwa, anaambiwa ndugu yake anaumwa, aje upesi. Akikaribia anaambiwa hali imezidi. Anafika anakuta viti vimepangwa uani, ndipo anaelewa mwenyewe. Tunaita hiyo heshima. Sikuwahi kuipinga, na siku ile sikuifikiria hata kidogo, niliifuata tu.

Mkalimani aliwekwa kwenye simu, laini ikawa inakatika, na mama yako akasema hamsikii vizuri, mtoto wake yupo. Kumbe mimi nilikuwa nimeshakuvuta kwenye korido. Nilikuinamia nikakwambia: "Munganga atasema maneno mazito. Wewe mwambie mama yako atapona. Umesikia? Ukimupenda, mwambie atapona."

Daktari alisema taratibu, akimtazama mama yako na si wewe. Ulisikiliza mpaka mwisho. Midomo ilikuwa imekukauka. Ukanitazama, nami nikatikisa kichwa kukukubalia.

"Anasema dawa zinafanya kazi, Mama. Anasema itaenda polepole."

Mama yako akamshukuru Mungu, akaomba mkoba wake, akaanza kuniambia habari za kitenge cha Pasaka cha kwaya kilichokuwa kwa fundi wa kule Skärholmen. Daktari alishangaa anavyotabasamu. Mama yako alikufa kabla ya Pasaka, na hakuaga mtu, kwa sababu hakujua kwamba anaondoka. Furaha alikuwa na miaka kumi. Hakuambiwa neno lolote la kukumbuka. Kitenge nilikwenda kukichukua mwenyewe, fundi akaniuliza kama mama atakuja kujaribu.

Hatukuzungumza tena habari ile, mimi na wewe. Ulikua haraka, kwa upana hasa. Mwalimu wa michezo kule Spånga akakupeleka kwenye mpira wao wa Kimarekani, nami nilikuja kukutazama nikaona watu wazima wamevaa magodoro wanagongana kama kondoo dume. Mpira gani wa miguu ambao miguu haina kazi? Ulinieleza kwa subira, sentensi nusu Kiswahili nusu Kiswidi. Kazi yako ilikuwa kumwangusha mwenye mpira kabla hajapita. Nilikuuliza kama huumii. Ukaniambia, "Det är lugnt, pappa," hakuna shida. Ndilo lilikuwa jibu lako kwa kila kitu, njaa, homa, mama yako.

Chuo cha Marekani kilipokuchukua, nilitangaza kanisani mara mbili, mara ya pili bila kuombwa. Mwaka wa kwanza ulikaa benchi. Mwaka wa pili, msimu huu, ukaanza kucheza tangu mechi ya kwanza.

Nilibadilishana zamu na wenzangu ili Jumamosi zote niwe nyumbani. Saa moja jioni kwetu, kwenu ni mchana. Furaha aliunganisha kompyuta na televisheni, mimi nikapika makayabo, samaki wetu wa chumvi, mashemasi wawili wakaja na vinywaji. Hatukujua sheria, tulikujua wewe. Tulitafuta namba yako kwenye rundo la watu na kusubiri iinuke. Mlifungwa mechi mbili za mwanzo, mkashinda ya tatu, na mtangazaji wao akatamka jina lako vibaya tukapiga makofi hivyo hivyo.

Mechi ya nne ulichelewa kuinuka. Ulitembea kuelekea benchi la wapinzani, mwenzako akakushika bega akakugeuza. Sisi tulicheka. Nasema ukweli, tulicheka wote isipokuwa Furaha. Wiki ile uliponipigia uliniuliza kama Furaha amepata kazi ya likizo, nikakujibu, na baada ya muda mfupi ukaniuliza tena. Nikakutania kwamba unazeeka kabla yangu. Ukasema det är lugnt.

Mkashinda mfululizo. Kijijini kwenu huko chuoni, ulisema, hata kinyozi hataki hela yako. Mechi ya nane ukagongwa tena, wakakutoa, na tukaona mgongo wako tu kwenye kiti cha pembeni mpaka mwisho. Mechi ya tisa hukucheza. Ilikuwa imebaki ya kumi, na mkishinda hiyo mnaingia mtoano, jambo ambalo chuo chenu hakijalifanya tangu zamani. Nilijua yote hayo. Nilikuwa nimeshayajua majina ya wapinzani.

Simu yako ilinikuta Spånga, kituo cha mwisho, ndani ya basi tupu. Nilikuwa na dakika sita kabla ya kuondoka. Nje giza limeshaingia ingawa ilikuwa alasiri. Kwenye kioo cha simu niliona wewe na mwanamume mwenye nywele nyeupe, amekaa kwa kujongea mbele, mikono ameikunja pamoja. Ukaniambia huyu ni daktari wa timu, anataka kuongea na mzazi. Mimi Kiingereza sina, Kifaransa changu hakikumsaidia. Nikasema sawa, tafsiri.

Alisema kwa muda mrefu. Nilimtazama yeye, sikukutazama wewe. Nilikuwa nakuamini, au nilikuwa sitaki kukuona, sijui tena.

"Anasema nimefaulu vipimo vyote, Papa."

"Mbona anasema sana?"

"Waganga wako hivyo. Anasema kama angekuwa baba yangu, angelala usingizi muzuri."

Nikatabasamu. Nikamwinamia kwenye kioo, nikampa Kiingereza changu chote: "Tenki yu, dokta. Tenki yu veri machi." Aliniangalia kwa namna ambayo niliiona kuwa ni uchovu. Kisha nikawasha injini na kuondoa basi kwa wakati.

Jumamosi ile nyumba ilijaa. Watu walivaa skafu za damu ya mzee zilizofumwa na kinamama wa kwaya. Mlikuwa mnaongoza. Ulimfuata mwenye mpira, mkagongana, na hakikuwa kishindo kikubwa, nimeona vikubwa zaidi msimu huu huu. Mwenzako akainuka. Tukasubiri namba yako. Furaha ndiye aliyesimama kwanza, akauliza kwa Kiswidi kwa nini huinuki, akauliza tena, halafu wakaweka matangazo ya magari.

Uliishi mpaka kesho yake. Chuo kilimpata Furaha kwa simu, naye akampigia pasta, akaogopa kuniambia. Baada ya ibada nikasikia hodi. Walikuwa saba, wa kanisani, wakavua viatu mlangoni. Pasta akakaa karibu nami, akanishika goti.

"Ndugu, mutoto ni mugonjwa sana. Tuombe."

Nilihesabu watu, nikatazama mlangoni kinamama wanaingiza viti vya kukopa kanisani, na nikaelewa. Nilifumba macho nikaomba upone huku najua umeshakufa, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ananistahi na mimi nilikuwa nawastahi. Nilikichukia kitendo hicho, Aksanti. Nilikichukia nikiwa ndani yake, na bado nikaitika amina.

Timu yako ilishinda. Furaha ameniambia. Wakatolewa mechi iliyofuata, namba yako wameibandika kwenye kofia zao.

Na sasa barua. Ilikuwa kwa Kiingereza, kurasa mbili. Nilimpa Furaha. Alisoma kimya, nikaona midomo yake inakauka. Kisha akainua macho.

"Anasema pole, Papa. Anasema Aksanti alikuwa mchezaji muzuri."

Miaka saba, mwanangu, na uso ni ule ule. Nikamwambia akae. Nikamwambia, "Usinilinde. Soma kama ilivyoandikwa." Akaniomba kwa Kiswidi nisimlazimishe. Nikasubiri. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi mezani, lakini alisoma mstari kwa mstari, akikosa neno anatafuta, na hakuruka kitu.

"Kama nilivyokueleza siku ile kwa simu," daktari ameandika, "mwanao alikuwa amegongwa kichwa mara mbili katika msimu mmoja, na ya tatu ingeweza kumuua. Alikuwa amefaulu vipimo, ni mtu mzima, na kanuni hazikuniruhusu kumzuia. Ndiyo sababu nilikuomba wewe umkataze. Nilikwambia kama ningekuwa baba yake, ningemrudisha nyumbani. Ukatabasamu, ukanishukuru. Tangu siku ile najiuliza ulikuwa unanishukuru kwa nini."

Furaha alikunja karatasi akaniuliza kama nataka ajibu. Nikamwambia amwandikie hivi: sikuelewa, mkalimani alikuwa mwanangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

Sikulaumu. Nimejaribu, hasira inakuja mpaka kooni na inakukosa. Ulitaka kucheza, ndiyo, kijana wa miaka ishirini anataka kucheza. Lakini ulipoona uso wangu kwenye kioo, nimevaa skafu ya timu yako juu ya sare ya kazi, ulifanya kile nilichokwambia kwenye korido. Ukimpenda mtu, unamwambia atalala usingizi mzuri.

Nimekukosa kwa namna ambayo siwezi kuisema vizuri. Nikipitisha basi karibu na ule uwanja wa Spånga naona vijana wanagongana na natamani kushuka niwakusanye wote. Abiria wanaona dereva tu.

Jana mimi na Furaha tulikuja makaburini mlikolala wewe na mama yako. Kulikuwa na theluji, na mwanamke mmoja kwenye kaburi la jirani alikuwa anawasha mshumaa. Nilianza na mama yako. Nilimwambia kwa sauti, na Furaha akisikia kwa mara ya kwanza: siku ile daktari alisema dawa zimeshindwa, alisema wiki chache, mtoto alisikia yote, na mimi ndiye niliyemwamuru aseme atapona. Furaha alitoa mkono wake kwenye mkono wangu. Hajaurudisha, na sijamwomba.

Kisha nikageukia upande wako, nikatoa barua ya daktari ambayo nimeiandika upya kwa Kiswahili, nikakusomea. Wewe uliyajua yote yaliyomo, ulikuwa wa kwanza kuyasikia. Lakini nilitaka uyasikie kwa mdomo wangu. Pale daktari aliposema kama angekuwa baba yako angekurudisha nyumbani, nilisoma mara mbili.

Pumzika, mwanangu. Kazi ya kunitafsiria imekwisha.

Ni mimi,
Baba yako