Kisanduku Kisicho na Sababu

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lile halikusumbui tena unapopanda ngazi. Mimi mwili wangu ni mzima, lakini roho haitulii. Tangu jana nakaa na kuinuka, na karatasi hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilizunguka jambo bila kulisema.

Unakumbuka kwamba baada ya kustaafu ualimu niliajiriwa katika mradi wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali kuu na za zahanati iliyo upande wa pili wa mji. Uliniuliza mzee kama mimi anatafuta nini kwenye kompyuta, nami nikakujibu kwamba wenzangu wanaunda, mimi naandika walichokiunda. Kazi yenyewe huchorwa kwa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Kimoja huchukua majina, kingine husahihisha tarehe, kingine humtafuta mtu aliyeandikishwa pande zote mbili na kumfanya kuwa mmoja. Chini ya kila kisanduku pana nafasi ya maelezo, na mimi ndiye niliyeweka sheria kwamba iandikwe kisanduku kinafanya nini, nani amekiweka, na kwa sababu gani. Aliyeandika “marekebisho madogo” nilimrudishia kazi yake. Wakanibandika jina la Mzee Nukta. Mtaalamu wetu wa programu, mama wa mapacha mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akitangaza ofisi nzima ikisikia kwamba anakwenda kunywa maji, sababu kiu, Mzee Nukta aandike.

Wiki mbili zilizopita hesabu ilikataa. Jozi za kuunganishwa zilikuwa elfu nne na sabini na moja. Zikatoka elfu nne na sabini. Wengine walitaka tuendelee, lakini kiongozi wa mradi alisema kwamba huyo mmoja ana jina na ana damu, na siku akiletwa amezirai hatutamwambia kwamba alikuwa mdogo mno kuhesabiwa. Wakapekua mchoro wote. Siku ya tisa wakakikuta: kisanduku kilichosukumwa pembeni kabisa, kazi yake kumruka mgonjwa mmoja tu. Nafasi ya maelezo ilikuwa tupu. Mashine ilionyesha kwamba kimewekwa kwa akaunti ya mama wa mapacha.

Alikana katakata. Kiongozi akamjibu kwamba kukosea angeweza kumsamehe, lakini kuficha hapana. Ajieleze kwa maandishi kabla ya Ijumaa, la sivyo afungashe vitu vyake. Alikuja mezani kwangu macho yamemwiva, akaniomba nimsaidie kuandika utetezi kwa kuwa lugha yangu haina doa. Nikamsaidia. Nilimsahihishia hata koma, Dada.

Kisanduku kile nilikiweka mimi.

Mama wa mapacha alikuwa akinikalisha kwenye mashine yake nijaze maelezo wakati wa chakula cha mchana. Siku ile nilikuwa nikikagua jozi moja moja kwa macho, na katika ukurasa wa kumi na nane nikamkuta mdogo wetu. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mama. Ndiye. Katika hospitali kuu, ambako hajakanyaga kwa miaka kumi na mitatu, mtu wa kuarifiwa ni mama. Katika zahanati, ambako alitibiwa mwaka jana, mtu wa kuarifiwa ni dada mkubwa, na namba iliyoandikwa ni ile yako ya zamani.

Sheria ya mradi ilikuwa kwamba taarifa zikipingana, za hospitali kuu ndizo zinazobaki. Kwa hiyo jina lako lingefutwa, na siku akianguka wangempigia marehemu. Nikaweka kisanduku cha kumruka asiguswe, kama nilivyowaona wenzangu wakiviweka. Nilipofika kwenye nafasi ya sababu, vidole vilikataa. Ya uongo sikuweza kuandika, na ya kweli ungeisikia siku moja: kwamba mtu uliyetuambia tumhesabu amekufa, kwa kuwa hakutokea kwenye maziko ya mama, nimemhesabu kuwa hai. Nikaiacha tupu.

Jana asubuhi nilimeza aibu nikamweleza kiongozi yote, mama wa mapacha akiwapo. Nilitegemea mama huyo anitukane. Badala yake alisema kumbe Mzee Nukta naye huacha sentensi bila kuimaliza. Kisha akauliza, kama sheria ile ilikuwa mbaya kwa mmoja, je, wengine? Akahesabu papo hapo. Walikuwa mia sita na kumi na wawili ambao ndugu zao wa sasa wangefutwa na kuachwa wa zamani. Ningeandika sababu yangu mistari miwili tu, mtu angeisoma, na sheria ingebadilishwa siku ileile. Nilimwokoa wa kwangu, na hao wengine nikawafunika kwa ukimya wangu.

Sheria imebadilishwa. Mama wa mapacha amebaki kazini. Mimi nimeondolewa, na ni haki. Kabla sijatoka, kiongozi alinitaka nijaze ile nafasi kabla hawajakifuta kisanduku. Nikaandika: humruka mgonjwa mmoja, kimewekwa na mimi, sababu, ni ndugu yangu, na niliogopa kusema.

Anwani yake sikuichukua. Haikuwa yangu kuisoma, sembuse kuibeba. Lakini wewe alikutaja mwenyewe, kwa namba uliyoizima ili asikupate. Laini ile bado ipo kwenye kopo la vifungo, chini ya kitambaa cha bluu. Niliiona nilipokuja mara ya mwisho, na sikuuliza kwa nini hukuitupa.

Iweke kwenye simu, Dada. Sikuombi umpigie. Naomba tu iwe hewani.

Nisalimie wajukuu wote, na mwambie yule mdogo kwamba daftari lake nimelisahihisha, nitakuja nalo. Sasa nina nafasi.

Mimi mdogo wako anayekufuata,
Mwalimu