King'ora Kilichogeuzwa Pendekezo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani. Umri: miaka 38. Kazi: fundi mkuu wa kompyuta, hospitalini. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya wodi ya wazazi.

Nimekuja kwa hiari yangu, sijaitwa wala kusukumwa. Mmemweka ndani msaidizi wangu, tunayemwita Mpole, kwa kosa ambalo hakulifanya. Afande, naomba uandike hivyo hivyo nilivyosema, usinilainishie.

Mnamo tarehe 14 Machi, asubuhi, nilikuta watu wamejaa maabara. Jokofu la damu lilikuwa limezimika tangu alfajiri na damu yote imeharibika. Kompyuta inayopima joto lake ilikuwa inafanya kazi, namba nyekundu zimejaa kwenye skrini, lakini king'ora hakikulia. Mama mmoja aliyekuwa anajifungua alikosa damu, akakimbizwa hospitali nyingine. Mpaka sasa hajazinduka.

Mkurugenzi aliniamuru nifungue kumbukumbu za kompyuta. Zilionyesha programu ya king'ora iliondolewa jana yake alasiri, kwa akaunti ya Mpole. Siku hiyo hiyo Mpole alikuwa amenyimwa likizo, akatoka ofisini kwa mkurugenzi akisema, "Haya, mtanikumbuka." Mkurugenzi akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akawapigia simu ninyi polisi. Mpole aliniambia, "Dada, mimi nimesafisha tu." Roho inaniuma mpaka leo.

Umeniuliza kusafisha ni nini. Kompyuta zetu zinatumia mfumo huria, unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Programu huja kwa vifurushi, na kila kifurushi kinataja vingine kinavyovihitaji: vingine kwa lazima, vingine kwa pendekezo tu. Ukitoa amri ya kusafisha, mfumo wenyewe unaondoa kila kifurushi kilichoingia kwa sababu ya kingine, ikiwa sasa hakuna kinachokilazimisha. Mapendekezo kompyuta zetu haziyajali, maana diski zake ni ndogo. Amri hiyo tunaitoa kila mwezi. Mpole hakukichagua king'ora.

Sasa, miaka yote programu ya jokofu ililazimisha king'ora kiwepo. Toleo jipya, tulilolipokea wiki hiyo, limekiteremsha kikawa pendekezo. Sababu iliyoandikwa kwenye maelezo ya toleo hilo ni kwamba watumiaji wengi hawana spika na wamechoka kubebeshwa mzigo wasiouhitaji. Kanuni za hao watu wa kujitolea zinaruhusu. Chini yake kuna jina la mtunza kifurushi, yaani aliyefanya badiliko hilo. Nililisoma, nikazima kompyuta, nikaenda kujifungia chooni.

Ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimemlea tangu mama yetu alipofariki, na mpaka leo anakula kwangu. Programu ile ya jokofu aliitengeneza kwa ajili ya hospitali yetu, kisha akaigawa bure kwa yeyote anayeitaka. Nilitaka kunyamaza, sikatai. Lakini jana mke wa Mpole alikuja mlangoni kwangu, mtoto mgongoni. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama mumewe anaruhusiwa kuletewa blanketi. Nilishindwa kumtazama usoni.

Mdogo wangu hakuwa na nia mbaya, na Mpole naye hakuwa nayo. Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema kwa kinywa changu na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Nilipomuuliza mdogo wake anapatikana wapi, alijibu yuko nje kwenye benchi. Amemsindikiza, akidhani dada yake amekuja kumdhamini Mpole. Shahidi ameomba amwambie yeye mwenyewe kabla sijamwita ndani. Nimemruhusu.