Kilomita Tisa na Nusu za Da Saada

Da Saada,

Salamu zako nimezipeleka kwa dua, sizirudii hapa. Niko Dixon, hapa hapa Kanada, ghorofa ya kumi na moja, kwenye meza yako ile ile yenye mguu mfupi uliouwekea kifuniko cha chupa. Nje theluji inaanguka na lifti moja imekufa tena. Nakuandikia kwa sababu mwanao amenitia hasira, na sina mwingine wa kumshitakia.

Nasra amepanga safari. Si ile ya Tanga kwenda kukusomea hitima ya mwaka. Hiyo niliipanga mimi: watu wawili, mabegi manne, kilo ishirini na tatu kila moja, basi. Yeye katikati amepachika siku nzima ya Stockholm. Siku nzima, Da Saada! Ya kutembea kwa miguu kununua zawadi. Tena Januari, wakati jua la kule linaingia kulala saa tisa mchana kama kuku mwenye kideri.

Amenionyesha ramani kwenye simu. Maduka kumi na moja, kahawa mara mbili, madaraja manne, kilomita tisa na nusu. "Mamdogo, hapa tunaanza, hapa tunapumzika," anasema kwa kile Kiswahili chake cha kukanyaga mawe. Duka la kwanza ni la karatasi. Karatasi! La pili mishumaa yenye harufu ya msitu. Nikamwuliza, umeme ukikatika kwetu Ngamiani, ni nani atakaa gizani ananusa msitu? La tatu visu vya mbao vya kupakia siagi. La nne vikombe vya udongo vilivyopindishwa makusudi, ndiyo uzuri wake ati, gramu mia nne kimoja. Anataka sita. Hizo ni kilo mbili na gramu mia nne kabla hujavifunga, na vikifika Tanga vitakuwa vigae.

Amesoma mahali, sijui nani kaandika, kwamba siri ya siku kama hiyo ni kuvaa viatu vya raha, kuwahi kutoka, na kila baada ya muda kukaa mkanywa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Mtu mzima alikaa akaandika hayo. Iliki! Sisi wa Tanga, tuliopanda milima ya Amani kwa mjomba tukarudi na iliki kwenye mikunjo ya kanga, tukavuke bahari kwenda kuitafuta ndani ya mkate.

Nikachukua kalamu. Mwanga wa kule ni saa sita. Toa saa moja ya hizo kahawa. Toa dakika ishirini kwa kila duka, na Nasra unamjua, dakika ishirini ni za kunusa tu, hajachagua: maduka kumi na moja, saa tatu na dakika arobaini. Zinabaki dakika themanini. Kilomita tisa na nusu kwa dakika themanini, juu ya barafu! Hayo si matembezi, huko ni kukimbizwa na mbwa. Nikamwekea karatasi mbele yake. Akaiangalia, akanijibu kwa Kiingereza kwamba si kila kitu ni mzigo wa kupimwa.

Ananiambia mimi. Mimi niliyeingia ghala la Malton na glavu za kuazima, nikapakia mizigo ya ndege miaka tisa, na leo nina magari manne ya mizigo yenye jina langu ubavuni. Furushi nikiliinua kwa mkono nakwambia uzito wake, nikikosea ni kwa gramu mia mbili. Kila alichovaa huyu mtoto kilikuwa mzigo wa mtu kwanza.

Na huko Tanga nako ndiyo usiseme. Mwanahamisi wa mjomba amenitumia sauti ya dakika saba. "Mwaju, mimi sitaki kitu, we njoo tu, uso wako ndio zawadi." Hiyo ni dakika ya kwanza. Sita zilizobaki ni vipimo. Nusu ya msiba wako walilia kwenye simu huku wakiniuliza lini nakuja na nina begi ngapi.

Lakini nisijifanye sijui hii Stockholm imetoka wapi. Imetoka kwako.

Mwaka ule ukirudi hapa kutoka Tanga, ndege yenu iliharibika mkalala uwanjani kule kwa saa kumi na tano, na karatasi zako za kusafiria hazikukuruhusu kutoka nje. Ulikaa mbele ya mlango wa kioo. Ulipofika hapa hukuzungumzia uchovu wala njaa, ulizungumzia watu waliokuwa wakiingia kutoka mjini na mifuko ya karatasi yenye utepe. "Mwaju, wanatembea kama hakuna anayewasubiri. Mkononi kitu kidogo hivi, lakini mtu amekichagua." Ukaapa kwamba siku moja utatoka kwenye mlango ule, utembee mji mzima kwa miguu yako, ununue zawadi moja moja, si kuzifungasha kwa kilo kama dagaa.

Paspoti ukaipata. Ukaniambia twende. Nikakupigia hesabu. Mwaka uliofuata ukaniambia tena, nikakupigia nyingine. Saa za kuunganisha ndege, baridi, goti lako. "Baridi unayo hapa Dixon, bure," nilikwambia, ukacheka, ukaendelea kukunja madera ya watu. Mara nne uliniomba. Nazikumbuka kwa sababu mara zote nne hesabu ilikuwa sahihi.

Sasa sikiliza balaa lililonipata juzi. Tulikuwa tunamalizia kabati lako, Nasra akaibuka na bahasha ya kaki. Akaja nayo mbio akidhani ni michoro yake ya utotoni. Si michoro. Ni zile nyayo. Kila mtu wa Tanga aliyewahi kusimama juu ya karatasi akazungushiwa kalamu, karatasi ikaja kwako umnunulie viatu, umeiweka. Nyayo kumi na saba! Nasra akalia, halafu machozi hayajakauka akatoa shauri lake jipya: kila unyayo upate ndara za sufu za Stockholm. Sufu, Tanga. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Nikamwambia, mwanangu, huu wa Bakari ulichorwa ana miaka sita. Leo Bakari anaendesha lori na ana tumbo. Huu wa bibi Mwanakombo, bibi tulishamzika. Hakuelewa. Kwake karatasi ikiandikwa ni kweli milele, kama ilivyokuwa kwako.

Kwa hiyo ngoja nikwambie, maana sasa huwezi kuniumbua. Ulikuwa ukijisifu sokoni na msikitini, "Mimi nanunua kwa karatasi, sijawahi kukosea." Ulikosea kila mara, Da Saada. Karatasi ilikufikia imechelewa, ukasubiri upate nafasi, ukasubiri upate mtu anayesafiri, na kiatu kilipofika mguu ulikuwa umeshaondoka kwenye mstari. Na hakuna aliyekwambia! Nani amwambie dada wa Kanada kwamba kiatu kinabana? Wote walikuletea jibu moja, "kimenikaa kama nilikuwapo dukani." Ukoo mzima ulikunja vidole kwa adabu. Bakari alisoma darasa la kwanza lote akitembea kama bata, ukaambiwa ndiyo mwendo wake.

Niliwadharau sana juzi, wale waongo. Nikawa naendelea kugeuza karatasi, hii amekufa, hii amekua, hii sijui ni ya nani. Ya kumi na saba ina miraba. Karatasi ya daftari la hesabu. Nyuma yake hesabu za kugawanya kwa tarakimu mbili, zote zimepigwa alama ya vema. Mbele kisigino kidogo na dole gumba lililotoka nje ya mstari kwa sababu lilikuwa linatekenywa. Mwandiko wako: Mwaju, miaka tisa.

Ulinichora asubuhi uliyoondoka kuja huku, begi liko mlangoni. Ulisema, "Usisogee, ukisogea nitakuletea kiatu cha tembo." Viatu vilikuja baada ya miezi kumi na minne. Vyeusi, vya kifungo. Mguu wangu ulikuwa umekua kwa upana wa kidole kizima. Nikavivaa mwaka mzima. Na mimi ndiye niliyekuandikia ile barua uliyokuwa ukiwasomea wageni, kwamba vimenikaa sawasawa.

Kwa hiyo mwongo wa kwanza ni mimi. Bila barua ile usingejisifu, wengine wangesema.

Nasra alikuwa anahesabu nyayo mara ya pili, akaniuliza: wa mama uko wapi?

Haumo. Nimeitikisa bahasha, nimetafuta hata nyuma ya droo. Nyayo kumi na saba, wako haumo. Nani angeuchora? Mnunuzi hachorwi. Mtoto akaniuliza, mama alikuwa anavaa namba ngapi, na viatu vyake tumeshavitoa vyote. Nikamjibu hapo hapo. Shibiri moja na vidole vitatu. Akashangaa nimejuaje. Sikumwambia. Nilikuosha mimi, Da Saada. Wenzangu walipokuwa wanamimina maji ya karafuu maiti, mimi nilishika mguu wako wa kulia, na mkono wangu, mkono wa ghalani usiokuwa na haya, ukapima. Sikuuamuru. Ulipima tu.

Basi, haya. Tiketi nimezibadilisha mwenyewe, tutakaa Stockholm siku mbili badala ya moja, maana dakika themanini hazitoshi na sitaki kukimbizwa. Nitatoka kwenye mlango wako wa kioo. Nitatembea zote tisa na nusu, na nitanung'unika zote tisa na nusu, Nasra ameshaonywa. Ule mkate wao nitauonja ili niutukane kwa haki. Mishumaa sinunui. Vikombe vilivyopinda sinunui hata vikitolewa bure.

Kitu kimoja nitanunua: viatu vya kike, shibiri moja na vidole vitatu. Nitavichagua, sitavifungasha. Vitawekwa kwenye mfuko wa karatasi wenye utepe, na mfuko nitaubeba mkononi mpaka Tanga, usiingie kwenye kilo za mtu. Siku ya hitima nitavitoa sadaka kwa jina lako, kwa mwanamke yeyote mwenye mguu kama wako. Lakini si kwa karatasi. Atavivaa mbele yangu, atembee ukumbi mzima aende na kurudi, na kama vinambana, namwapisha mbele ya watu wote, aseme.

Lala salama, dada yangu. Vilinibana.

Mwaju