Saa Nane Nilikuwa Wapi

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wote waliomo humo ndani. Mimi sijambo, ila si sana, na ndiyo sababu ya kuandika. Anwani nimepewa na shangazi. Namba yako ya simu anayo pia, lakini nikaona kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukakata, na mimi nisingekulaumu.

Najua unaitazama bahasha hii ukijiuliza Kalamu Nyekundu, kama mlivyoniita kiwandani, anataka nini baada ya miaka ishirini na saba. Sitaki kitu kikubwa. Tangu mwaka jana moyo wangu unanisumbua. Nikipanda ngazi tatu naona kiza, na mara nyingine nikiwa nimekaa tu unaanza kwenda mbio. Binti yangu, ninayeishi kwake, kanipeleka hospitali, na wiki ijayo wananipima. Nimepewa fomu ya kujaza, na unanijua, fomu ni chakula changu. Nikaijaza vizuri mpaka nikafika penye swali hili: Je, katika familia kuna mtu aliyeugua moyo? Kama yupo, aliugua nini?

Hapo kalamu ikasimama. Najua mama aliugua moyo. Aliugua nini hasa, sijui. Siku daktari alipomweleza ulikuwepo wewe, mimi nilikuwa dirishani kwangu pale getini kiwandani, naandika nani kafika na nani hajafika. Mtoto wa kwanza wa mtu, miaka sitini na minane, hajui mama yake aliugua nini. Nilimwambia muuguzi nimesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa usoni.

Tafadhali niandikie unachokumbuka.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima.

Umeuliza kuhusu mama. Daktari alisema moyo wake umetanuka na mapigo hayana mpangilio. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, kisha wakamlaza siku mbili. Miguu ilikuwa imevimba, nikamvua viatu nikamshikia. Dawa alizopewa zilikuwa mbili, nyeupe asubuhi na ya njano jioni. Ile ya njano ilimfanya akojoe sana akawa anaona haya.

Aliniuliza uko wapi. Nikamwambia uko kazini. Akasema, "Mwache, kazi yake ni kubwa."

Hayo ndiyo uliyouliza.

Mdogo wako


6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Shemeji hajambo? Nashukuru kwa barua. Mwandiko wako bado unapanda kwenda juu kama ulivyokuwa shuleni, mwalimu akakuchapa nao haukushuka. Nimeijaza ile fomu sawasawa, na daktari, binti mdogo kabisa mwenye sauti ya upole, kasema maelezo yako yamemsaidia.

Nikueleze walivyonipima, ucheke kidogo. Nililala kitandani wakaniambia nivue shati. Sikujua kama ni siku ya kuvua, nilikuwa na fulana ya ndani yenye tundu ubavuni, ile mtu anayoivaa kwa sababu hakuna anayeiona. Msichana wa vipimo akaiona. Akanyoa nywele za kifuani kwa wembe, nimelala natazama dari kama kuku anayenyonyolewa, kisha akanibandika vibandiko saba vyenye nyaya. Nyaya zote zinakwenda kwenye kijisanduku kidogo kinachofungwa kiunoni. Unarudi nacho nyumbani. Unakaa nacho siku nzima na usiku kucha, huogi, na kinaandika kila pigo la moyo.

Pamoja na kijisanduku unapewa daftari. Kila unachofanya unaandika na saa yake: nimekula, nimepanda ngazi, nimekasirika, nimelala. Daktari akija kusoma anaweka daftari na mapigo pamoja, anaona moyo ulikuwa hivi kwa sababu gani. Nilimwambia yule msichana, mama, umempata mtu wako, mimi nimeandika mahudhurio ya watu mia nne kwa miaka thelathini na moja. Akacheka, akasema basi mzee wewe hatukufundishi.

Siku yenyewe ilipita bila jambo. Nilibaki nyumbani. Asubuhi nilisoma gazeti, mchana nikala, saa nane nikalala mpaka saa kumi. Sasa nangoja majibu.

Niandikie.

Kaka yako


29 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sijapata jibu lako na sasa nadhani najua kwa nini, au labda sijui. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu nikichelewa tena sitaandika kabisa.

Majibu yametoka. Daktari aliniweka mbele ya karatasi ndefu yenye mistari inayopanda na kushuka. Akaweka kidole mahali. Akasema, "Baba, hapa ni saa nane na dakika kumi mchana. Moyo wako ulikuwa unapiga mara mia na arobaini, na baadhi ya mapigo yanaruka. Daftari linasema ulikuwa umelala." Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama niliota ndoto mbaya. Nikasema labda. Akasema moyo wa mtu aliyelala ukienda hivyo si jambo la kupuuza. Wanataka kunilaza, wapitishe mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, waangalie kuna nini. Kwa umri wangu kuna hatari zake, akanieleza zote. Siku imepangwa, tarehe ishirini na nane Aprili. Nikatia sahihi.

Mdogo wangu, sikuwa nimelala. Nilidanganya daftari, na barua yangu iliyopita nayo nikaidanganya.

Siku ile waliponifunga kijisanduku saa tatu, sikurudi nyumbani. Nilipanda basi nikaja mjini kwenu. Shangazi alinieleza karakana yako iko nyuma ya kituo cha mabasi. Nilizunguka kituo mara sijui ngapi, nikanywa maji nisiyokuwa na kiu nayo, na saa nane nikasimama upande wa pili wa barabara yako. Nilikuona. Ulikuwa umelivua kochi kitambaa chote, limebaki mbao na sponji, na midomoni una misumari. Kichwa chote cheupe. Nilitaka kuvuka. Nikasema gari hili likipita nitavuka, likapita, nikasema hili jingine. Kisha nikarudi kituoni nikapanda basi. Ningeandika nini kwenye daftari ambalo binti yangu na wauguzi watalisoma? Kwamba mzee mzima ameshindwa kuvuka barabara kwa kumwogopa mdogo wake?

Na kama ninasema, nisiseme nusu.

Asubuhi ile ulikuja dirishani kwangu ukaacha teksi nje, mama yumo, ukasema, "Kaka, mama anashindwa kupumua, nampeleka, niandikie ruhusa." Nilikuambia nenda, nitaandika. Hayo niliyasema kwa mdomo wangu. Hukufika hata mwisho wa ukuta, meneja akasimama nyuma yangu akasema ameona ndugu za makarani hawakosekani kazini siku hizi hata wasipofika. Alikuwa anatania. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika hayupo, siku ile na ya pili yake. Ulipoitwa kikaoni wakaniuliza kama uliomba ruhusa, nikasema hakuniomba. Ulinitazama. Nilidhani utapiga kelele na ningependa ungepiga. Ulitoka tu.

Lakini hilo si kubwa zaidi. Kubwa ni kwamba mama hakujua ni kwa zile siku mbili ulizokaa naye hospitali, akaishi miaka miwili mingine akiwaambia watu mtoto wake wa mwisho amefukuzwa kazi kwa uvivu. Alimwambia shangazi, akawaambia majirani. Aliyasema mezani, mimi niko mbele yake, natafuna. Alikufa anaamini hivyo. Ningeweza kumwambia siku yoyote kati ya siku hizo zote. Naona aibu, mdogo wangu. Naona aibu hata kukuomba radhi, maana najua naomba wakati nimeshatishwa na daktari.

Kaka yako


17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, shemeji yako anasumbuliwa na goti tu.

Nilikuona. Mtu hasimami mbele ya karakana yangu nusu saa nisimwone, naishi kwa wateja. Kwanza nilidhani ni mzee aliyepotea, amejishika kiuno kama anayeumwa tumbo. Kisha ukatazama saa yako, ukaigonga kwa kidole mara mbili kama unavyofanya, nikajua ni wewe. Nikainamisha kichwa nikaendelea na misumari. Nilijisemea, avuke mwenyewe, mimi simwiti. Ulipoondoka nilitoka mpaka barabarani. Basi lilikuwa limeshatoka. Kwa hiyo na mimi sina cha kujisifu. Kisha ikaja barua yako kwamba siku hiyo ulilala nyumbani. Hiyo niliichana, nikavisokomeza vipande ndani ya mto wa kiti cha mteja. Mpaka leo kuna mtu anaukalia uongo wako.

Uliuliza, au hukuuliza ila ulitaka kujua, kwa nini sikumwambia mama. Alikuwa mgonjwa. Alikuwa na watoto wawili, na mmoja alikuwa ameshaanguka machoni pake. Nikaona nimwachie mmoja wa kujivunia. Basi. Usinifanye mwema, kuna miaka nilijuta, na shemeji yako hajawahi kukubaliana nami.

Sijasema nimesamehe. Nasema haya. Kwanza nenda kwa huyo daktari ukamwambie ukweli kabla hajakutia mrija kwa sababu ya usingizi ambao hukulala. Akitaka kukupima tena, vaa hicho kijisanduku chako uje nacho hapa, uvuke barabara. Pili, mama hayupo wa kuambiwa. Shangazi yupo.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Nilifika nyumbani salama siku ile nilipotoka kwako, na goti lake lipone haraka.

Kwa daktari nilikwenda kabla ya tarehe ya kulazwa, hilo unajua, maana nilikuja kwako na nyaya. Sikukueleza tu ilivyokuwa. Nilimwambia, mwanangu, daftari lile lilikuwa la uongo. Alidhani sijaelewa swali. Nikarudia. Hakunigombeza, akasema tu, "Baba, ulikuwa unakaribia kuingizwa chumba cha upasuaji." Uso ulinishuka. Waliniona wauguzi wawili.

Kwa shangazi nilikwenda Jumapili iliyofuata baada ya kutoka kwako. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Kwa umri wake nilidhani labda hatasikia vizuri. Alisikia kila neno. Kisha akasema, "Nimemsema yule mtoto kwenye kila harusi na kila msiba." Akaniambia nitoke nje kwanza. Nilikaa barazani kwake saa nzima. Aliponiita, alikuwa ameshika simu, anatafuta namba yako, na kwangu hakutazama. Najua alikupigia. Alichokuambia ni chenu.

Sasa majibu. Jana nimeitwa. Shemeji aliponipa maji siku ile bila neno nilidhani moyo utapasua kile kijisanduku, na kweli karatasi inaonyesha, saa sita na robo umepanda sana. Daktari akaniuliza, nikamwonyesha kwenye daftari: nimevuka barabara, nimepokewa. Akafuata mstari kwa kidole. Unashuka, unashuka. Anasema moyo wangu ni kama wa mama, umetanuka kidogo na mapigo yake hayana mpangilio, lakini mrija hauhitajiki kwa sasa. Nimepewa dawa mbili. Moja ni ya njano, na ni kweli ulivyosema, sitoki nyumbani.

Kisha akageuza ukurasa akasimama. Akaniuliza, "Hapa nani kaandika?" Nikavaa miwani. Sikuwa nimeyaona maandishi yale, nilifunga daftari nikampa lilivyo. Nilikumbuka kwamba nilisinzia kwenye lile kochi ulilokuwa unalimalizia, na nilipoamka nyundo ilikuwa imewekwa chini na wewe umekaa unashona kwa mkono, polepole. Kumbe uliandika. Maneno yanapanda kwenda juu kwenye ukurasa: Saa nane mpaka saa tisa na nusu, yupo kwangu, amelala. Kweli.

Daktari akasema hapo ndipo moyo ulipotulia kuliko saa nyingine zote. Akataka kujua aliyeandika ni muuguzi au ni nani, maana lazima aweke jina la shahidi.

Nikamwambia ni mdogo wangu, fundi makochi. Ndiye aliyempeleka mama yetu hospitali, nikamwambia, na ruhusa nilimpa mimi. Hakuelewa inahusu nini, lakini aliandika.

Kaka yako