Nilimpigia Mungu Kengele ya Moto

Kwa Bibi Ruthi, mshauri wetu wa gazetini,

Shikamoo. Umri wako siujui, na huenda nimekupita, maana nimetimiza arobaini na tisa, lakini mwenye haja haanzi kwa kuulizana miaka. Naitwa Methusela, fundi seremala katika shamba moja la mkonge huku upande wa Pongwe, kwetu ni Mlalo milimani, na jina langu lichape kama lilivyo, kwa kuwa jambo lenyewe lilisikiwa na shamba zima na hakuna aliyebaki wa kufichwa.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mpiga kengele wa kanisa letu dogo la Kilutheri, na kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye nguzo, hatua kumi kutoka mlango wa jiko langu, nacho kina kazi mbili: Jumapili napiga polepole, moja, moja, watu waje kusali, na moto ukishika katani iliyoanikwa mtu yeyote hupiga mfululizo bila kupumzika, na hapo kila mwenye miguu huja na ndoo. Tena ujue kwamba mimi ni mtu wa sala ndefu, wala sijisifu, mke wangu Bertha husema sala yangu ya chakula huanzia kwa Adamu, na ikimfikia Nuhu wali umeshapoa.

Sasa, mwezi uliopita, siku ya kazi, saa tisa mchana, nilirudi nyumbani kuchukua randa nikamkuta Bertha ameanguka jikoni, ameshika tumbo, midomo imekuwa myeupe, nikimwita hajibu, nikatazama huku na huku hakuna mtu, wote wako kazini, nikawaza lazima watu waje tumwombee, na mtu akitaka watu waje kuomba afanye nini kama si kupiga kengele, basi nikashika nyundo nikapiga, lakini mkono, Bibi, mkono haukukumbuka adabu ya Jumapili, nilipiga kama mwenda wazimu, na huku napiga huku napaza sauti kwa Mungu, wala si zile sala zangu, Adamu hakunijia kabisa, nilisema njoo, njoo sasa, si kesho, uko wapi wewe, huyu ndiye niliye naye, na nikayasema yote kwa Kishambaa, nikidhani ni siri baina yangu na Mungu.

Hata nilipogeuka, uwanja umejaa. Mashine imezimwa, wakata mkonge wamekuja na visu vyao, wanawake wa kuanika katani wamekuja na matawi mabichi ya kupigia moto, na Miraji, dereva, jirani yangu mtu wa Kigombe, amelileta lori la mapipa ya maji mpaka mlangoni.

"Ebo! Moto u wapi, Methusela?"

"Hakuna moto. Ni Bertha. Namwomba Mungu."

"Kwa nyundo?" Kisha akamwona Bertha, akainua mikono, akasema dua yake kwa pumzi moja, akapangusa uso, akanishika bega. "Haya, Mola amesikia, asiyesikia ni wewe. Nyamaza tumpakie shemeji."

Wakayasukuma mapipa chini, maji yakamwagika yote, wakamlaza Bertha juu ya magunia, huyoo, hospitali ya mjini, na mpaka leo nasemwa kwa ajili ya maji yale, bwana meneja ameniuliza mara mbili.

Lakini hayo si kitu. Kitu ni hiki, na hapa naandika nimeinamisha kichwa. Neno la mwisho nililompigia Mungu kelele kabla sijageuka lilikuwa hili: "Kama ni lazima umchukue mtu, mchukue Manase, yeye amekwisha kuzeeka!" Na Manase ni mzee wa kanisa letu, naye ni mtu wa Mlalo kama mimi, peke yetu wawili hapa shambani, kwa hiyo Kishambaa anakijua kunishinda, na alikuwa amesimama nyuma yangu, na ndoo ya mchanga mkononi.

Aliiweka ndoo chini akaenda zake. Jumapili yake baraza la wazee likaamua nikae miezi mitatu sipigi kengele wala siongozi sala kanisani, nijifunze utulivu, maana Mungu si kiziwi. Nikakubali. Tangu siku hiyo mimi na Manase tunainuliana kofia tu.

Sasa shida yenyewe. Daktari amesema Bertha ana uvimbe tumboni, sharti apasuliwe, ila kwanza apate nguvu kwa wiki tatu. Nikamwombea pale kitandani sala nzuri ya taratibu, Adamu yumo, Nuhu yumo. Bertha akageukia ukutani.

"Baba Kristina, hiyo ni ya wageni."

"Wataka ipi?"

"Ile ya siku ile. Nimelala pale jikoni nakusikia, nikasema moyoni, sifi leo, mtu ananipigania. Niombee vile, nami nitakikubali kisu. Huwezi, nirudishe nyumbani."

Nami siwezi, Bibi. Kila nikifungua kinywa namwona Manase na ndoo yake, naambiwa utulivu, utulivu, nakimbilia kwa Adamu. Je, kumlilia Mungu vile ilikuwa dhambi? Na kama ni dhambi, nimkosee Mungu tena au nimpoteze mke? Zimebaki siku kumi na mbili. Gazeti huku hufika moja tu, nalo hupokewa na Manase, ndiye anayetusomea baada ya ibada, basi naomba uandike kwa upole.

Ni mimi, Methusela, fundi.

*

Methusela ndugu yangu,

Marahaba. Umenipita kwa mwaka mmoja, lakini shikamoo nimekwisha kuipokea, sirudishi. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, kwa sababu wenzako wanauliza mambo ya posa, na posa hungoja.

Nimekusoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kutazama. Ya pili sikucheka.

Kumlilia Mungu kwa haraka si dhambi. Yule kipofu wa Yeriko aliambiwa na watu watulivu kama baraza lenu anyamaze, akazidi kupiga kelele, na Bwana akasimama. Petro alipozama hakuanzia kwa Adamu; angeanzia kwa Adamu angekunywa bahari yote.

Tena wewe mtu wa ajabu. Unamwambia Mungu njoo sasa, si kesho, linakuja lori mpaka mlangoni, lina dereva ndani yake, nawe unaniandikia habari za maji yaliyomwagika! Ungepiga ile kengele ya Jumapili, moja, moja, wangekuja wazee watatu na vitabu vya nyimbo, na Bertha angekata roho mkiwa ubeti wa pili. Ulitaka aje nani? Na Miraji umemshukuru? Katika barua sikuona.

Dhambi ipo, ila umeitafuta mahali isipokuwepo. Si kengele, si sauti. Ni kumtoa Manase. Uchungu ulikuruhusu kumlilia Mungu uhai wa mkeo. Haukukuruhusu kumpa wa mwenzako. Mzee wa watu ametoka mbio na umri wake, amebeba mchanga ili jiko lako lisiungue, anasikia anatolewa kama kuku wa mgeni. Na fikiri hili: Kishambaa mlikijua ninyi wawili. Angeweza kuwaambia watu wote ulilosema, hakumwambia mtu. Baraza likakuadhibu kwa kelele kwa sababu linalomuuma mwenyewe amelimeza.

Basi fanya hivi. Nenda kwake leo, usimpelekee hotuba. Mwambie, "Nilikutoa, nisamehe." Kisha mwombe mwende wote hospitali. Akisimama kando yako, hutamwona tena ukifumba macho. Marufuku ya baraza ni ya kanisani, haifiki wodini. Hapo mshike Bertha mkono, umwombe Mungu kwa Kishambaa, kwa pumzi moja, wala usipige kelele, kuna wagonjwa wengine wamelala. Yule Hana wa Biblia aliomba midomo ikitikisika tu, na mwana akampata. Mwambie Mungu unamtaka mkeo. Usimpangie wa kumchukua badala yake. Sala iwe fupi kuliko barua yako. Hapa ofisini tumekwisha kumwombea, na chai haikupoa.

Nawe Mzee Manase, shikamoo. Najua wewe ndiye wa kwanza kulifungua gazeti hili. Ukurasa huu si lazima uwasomee watu. Wasomee ule wa mvua na mazao. Huu ukunje, umpelekee Methusela mkononi mwake. Akianza kupiga magoti mwinue, siku zimebaki chache, na Bertha anangoja kuwasikia. Pandeni lori la Miraji wote wawili.

Ndoo iache nyumbani.