Nywele Zangu Ziko Kwenye Bahasha

Mama,

Mjomba Mhina alikuja. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ndilo ulilolingoja mpaka pumzi ya mwisho. Alikuja miezi saba baada ya sisi kukuzika, na gari la serikali, na mkewe Bi Zuhura, na kikapu cha vitu vya kula njiani. Walishuka mbele ya ofisi yetu hapa Handeni. Nilipomwamkia alinitazama kichwani.

"Marahaba, mjomba. Hizo nywele za nini? Umekuwa mganga?"

Nikamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba kwetu mtoto wa marehemu hunyolewa na mjomba wake, kaburini, ndipo tanga la msiba linapoondoka. Nilikuwa nazifuga tangu siku ile, na ofisini walinicheka mpaka wakachoka.

"Ah, kweli," akasema. "Tutapita. Lakini kwanza mama huyu aone bahari na milima."

Bosi wangu alinipa ruhusa kabla sijaomba, maana mjomba siku hizi ni mkubwa. Basi tukazunguka siku tatu. Pangani mjomba alivua shati, akaingia majini na tumbo lake, akapiga kelele, "Karani, njoo! Huku hakuna faili!" Nilibaki mchangani nimeshika viatu vya Bi Zuhura. Bahari ilikuwa nzuri, Mama, na mimi niliichukia. Kesho yake tukapanda Lushoto. Kila kona Bi Zuhura alitaka gari lisimame apigwe picha, na gari likiondoka alitema kokwa za matunda dirishani, karibu na miguu ya wanawake waliojitwisha kuni. "Wana nguvu hawa!" akasema. Nikafumba macho. Nikasema ni kona za mlimani.

Siku ya tatu, Mombo, tulisimama kula kuku pale mabasi yanaposimama. Mjomba akamwona kinyozi chini ya kibanda cha bati. "Mjomba, keti hapo, tumalize." Akachukua mkasi kwa mkono uliojaa mafuta, akakata kishungi kimoja, akacheka, akamrudishia kinyozi amalize, akaenda kumalizia paja lake la kuku. Nywele zangu zilianguka kwenye mifupa na maganda ya machungwa. Nilipiga magoti nikaziokota moja moja, nikazitia kwenye bahasha ya ofisi.

"Jamani, anaokota uchafu!" Bi Zuhura alisema.

Halafu wakaniwekea bawa la kuku, na mimi nikala. Nikala mpaka nikauvunja mfupa.

Kuna jambo hujalijua. Baada yako ilikuja Operesheni ya serikali. Watu wote wa kwetu wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba yako haina paa, na pale ulipolala panaitwa mahame. Tangazo la kukataza watu kurudi huko nililipiga chapa mimi. Vidole vilivyopiga ni hivi ulivyokuwa ukinisugua kwa limau kutoa wino, ukisema mke gani atakubali mume mwenye mikono kama fundi baiskeli.

Tulipotoka Korogwe na kufika kwenye njia panda ya kwetu, dereva alipunguza mwendo. Mjomba akasema, "Twende, twende. Gari la serikali likionekana mahame, kesho watu watarudi na majembe. Wewe karani, si unalijua hilo?"

"Ndiyo, mjomba."

Nilitazama kichaka chetu kikipita dirishani.

Wiki nzima nimemchukia mtu huyu mpaka chakula hakipiti. Lakini Mama, mjomba uliyempenda wewe si yeye. Nilimtengeneza mimi. Barua zake zilikuwa na mistari mitatu: amepanda cheo, mkewe hajambo, tumtumie asali. Wewe ulikuwa unakaa kwenye kigoda, umefunga macho, ukisubiri. Ningekusomeaje asali peke yake? Nikaongeza: "Namsalimu sana dada yangu, namwota usiku." Ulikuwa unaniambia, "Rudia hapo," nami nikawa nasoma polepole, maana ilinibidi nikumbuke nilichotunga.

Barua ya mwisho ilikuja umeshalala kitandani, huwezi kuinuka. Uliniuliza, "Anasema atakuja?" Karatasini kulikuwa na asali, debe moja, kabla ya Idi. Nikasoma: "Nitakuja mwenyewe, na mwanao nitamnyoa kwa mkono wangu." Ulitabasamu. Ukasema, "Basi asikushike kichwa mtu mwingine."

Yeye hakuvunja ahadi yoyote. Hakuwahi kuahidi. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu kuliko mafuta ya kuku.

Jumamosi ofisi inafungwa saa sita. Nitakuja kwa miguu. Sikuomba kibali, kwa sababu vibali navipiga chapa mimi na najua vinavyokataliwa. Ninaogopa, Mama. Wakinikuta mgambo, kazi imekwisha, na pengine zaidi ya kazi. Tangu jana nimekwenda chooni mara tano.

Lakini nitakuja. Nitafukua kidogo upande wa kichwani kwako na kuzika bahasha. Kisha nitakusomea barua hii, maana kila karatasi ulitaka uisikie kwa sauti yangu. Nikimaliza nitakusomea na ile ya mjomba ya mwisho, mistari yake mitatu, na asali yake, kama alivyoiandika. Sitaongeza neno. Ukinikasirikia, nitakaa hapo hapo unikasirikie.

Pumzika, Mama. Nikichelewa, ujue nimejibanza kichakani nangoja mgambo wapite. Nitakuja mwenyewe. Safari hii hayo si maneno niliyoyatia kwenye barua ya mtu.

Mwanao,
Sefu